Kaya ya Miguu Kumi

Ndugu zangu wa Chanji, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudi sijapita kibanda cha chai bila mmoja wenu kuinua mguu na kuuliza huo ni wa ngapi. Basi naandika mara moja, msome kwa zamu, halafu mniache nile andazi langu kwa amani. Habari za ruhusa na barua za kuondokea naziruka, hazina ladha na kila mtumishi anazijua. Nitataja muhuri mmoja tu, tena mwishoni.

Kwa ambaye hakuwapo: karibu na likizo ya Pasaka mkaguzi wa shule aliingia darasani kwangu akakuta nimechora ubaoni ndege mwenye miguu kumi. Kabla sijafungua mdomo, akachukua kifutio akafuta miguu minane. Alisema ile miwili iliyobaki inatosha kwa ndege yeyote. Nikamweleza kuwa ndege huyo nilimwona mwenyewe mwaka uliopita, kwenye bwawa moja mbele ya Mwimbi. Nikamweleza kuwa dume ndiye anayeatamia na kulea, na akiona hatari huwabana makinda wake wanne chini ya mabawa akaondoka nao, vijiguu vyao vikining'inia nje. Miwili ya baba, minane ya watoto. Akaandika kwenye daftari lake kwamba nawafundisha watoto habari za mazimwi, kisha akatoa hukumu. Shule ikifunguliwa nilete ushahidi, la sivyo nisimame kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya watoto wote, nitamke kwamba niliwadanganya.

Mwanicheka, lakini mimi sikucheka. Miaka sita nimewaambia watoto wale wasiandike wasichokiona kwa macho yao. Gwaride lile nililiogopa kuliko kufukuzwa kazi.

Kwa hiyo nikaazima kamera kwa mwenzetu Ambakisye. Naye, kwa ukarimu wake unaojulikana, akanipa ikiwa na filamu iliyobakiza picha nne. Nilijiambia kwa ndege mmoja, nne ni nyingi.

Sumbawanga, siku ambayo lori halikuondoka

Lori lilikuwa la chumvi na majembe, na lingeondoka alfajiri. Saa nne tulikuwa bado sokoni kwa sababu dereva alimngoja shemeji yake, shemeji alingoja kitanda, na kitanda kilikuwa kwa fundi kikisubiri mguu wa nne. Kilipofika kilikuwa na mitatu. Kikapandishwa hivyo hivyo juu ya magunia ya chumvi, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikapewa heshima ya kukikalia upande usio na mguu.

Dereva aliuliza kilicho shingoni mwangu. Nikamwambia ni kamera. Alitaka kuishika tu, akaishika, akabonyeza, ikalia. Picha ya kwanza, ndugu zangu, ni ya goti la dereva na nusu ya gunia. Aliniomba nimpelekee nakala.

Tulilala palepale sokoni, tukaondoka kesho yake.

Njiani, penye matope

Mvua za mwisho zilikuwa zimeifanya barabara kuwa uji. Kwenye mteremko mmoja lori likazama hadi mhimili. Tulikuwa abiria kumi na wawili, na nyuma yetu majembe mapya robo lori, yamefungwa vizuri kwa kamba. Nikasema tuchukue majembe tuchimbe.

Mzee aliyetumwa kuyasindikiza alikataa. Alisema majembe yale ni ya kijiji, yamehesabiwa yakiwa mapya, na lazima yafike mapya. Tukamwambia tutayaosha. Akasema jembe lililooshwa si jembe jipya. Basi tukachimba kwa sahani, sufuria, na mbao moja ya kile kitanda, huku mzee amekaa juu ya majembe akituelekeza mahali pa kuchimba. Nisimseme vibaya lakini, alijua sana kuelekeza. Jioni lori likatoka.

Mwimbi, kwa katekista

Mwimbi nilipokelewa na katekista, mtu mpole mwenye watoto wengi na mbuzi mmoja asiyejua mpaka wa sebule. Mkewe alisonga ugali wa ulezi, mweusi, mzito, na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, iliyochemshwa na nyanya. Mimi mtu wa Tukuyu nimelelewa kwa ndizi, ila nawaambieni nilikula mpaka nikaona haya. Kimpumu nacho kililetwa, chungu kizima na mirija yake. Nikawaeleza kuwa sisi Wamoravian hatunywi pombe. Katekista alinihurumia kwa dhati, akanywa na sehemu yangu.

Wakaniuliza safari yangu. Nikawaeleza habari za ndege: mwili wa hudhurungi, paji la uso lina kibandiko cha buluu, na vidole virefu kupita kiasi, kucha zake zimenyooka kama sindano za kufumia. Vidole hivyo hutawanya uzito wake, ndiyo maana anatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Hapo wote walifurahi. Nikaendelea, kwa kuwa mwalimu hajui kuishia hapo: jike ni mkubwa kuliko dume, hutaga mayai manne, humwachia mume wake aatamie, kisha huenda kwa mume mwingine kutaga tena, na anaweza kuwa na waume watatu bwawa moja.

Mke wa katekista alicheka mpaka akatoka nje, tukaendelea kumsikia akichekea huko. Katekista aliweka mrija chini. Aliniambia taratibu kwamba haoni dhambi kwa ndege, lakini aliniomba nisiyaseme hayo tena mpaka nivuke mto, maana huko ni parokia nyingine.

Asubuhi familia ilikuwa imepanga mstari uani, watu kumi na saba, nguo za kanisani, na mbuzi kapigwa brashi. Nilikuwa nimeshiba ugali wao. Ningekataaje? Picha ya pili ikaenda.

Kwa miguu

Kutoka Mwimbi hakuna lori. Nilitembea tangu asubuhi hadi alasiri katika nyasi na vilima vilivyo wazi, upepo ukinipiga kifuani, huku na huku yale matuta ya mviringo ya Wafipa ambayo chini yake yamefukiwa majani. Mengi yalikuwa yameachwa, magugu yameota juu yake. Watu walikuwa wamehamia barabarani kwa amri ya serikali.

Nilikutana na mwanamume mmoja na baiskeli. Aliona daftari langu akasimama wima, akasema hata kabla ya salamu kwamba wao wameshahama wote. Nikamwambia vizuri. Akasema na kuku pia wamehama. Nikamwambia vizuri sana. Akanisindikiza kwa macho mpaka niliposhuka kilima, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, ila miguu iliniuma nikawaza miguu yangu.

Kijijini

Kijiji chenyewe sikitaji jina, na mkimaliza kusoma mtajua kwa nini. Ni nyumba zilizopangwa mistari miwili kando ya barabara, ofisi ya udongo katikati. Nyuma yake kuna bonde, na chini bwawa limejaa yungiyungi. Mwenyekiti alinipokea kwa mikono miwili. Ni mtu wa makamo, mwembamba, asiyetulia, aliyekuwa akibeba rejesta ya kijiji kwapani hata anapokwenda chooni. Aliniambia, kabla sijapewa maji, kwamba katika kijiji chake hakuna kaya hata moja iliyorudi mahame, kwenye miji ya zamani iliyoachwa. Hata moja. Wilayani wanalijua hilo, na jirani zake wote wana waliotoroka ila yeye.

Alinionyesha nyumba ya mama yake kama ushahidi. Bibi huyo alikuwa na mji wake kule chini kando ya bwawa, penye kaburi la mumewe, akakataa kuhama. Mwanawe akashuka mwenyewe, akang'oa mlango wa nyumba, akaubeba kichwani hadi barabarani, akaupachika kwenye nyumba mpya. Bibi akaufuata mlango wake. Tangu siku hiyo hajasema na mwanawe.

Hilo nililiona chakulani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza habari za watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mwambie Mwenyekiti maharage hayana chumvi." Mwenyekiti alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake. Nikamwambia. Mwenyekiti akaniambia nimwambie mama kwamba chumvi inakuja. Nikamwambia. Tulikula hivyo siku tatu, nikawa posta ya watu wawili waliochovya bakuli moja.

Picha ya tatu alitaka Mwenyekiti, mbele ya ofisi, na rejesta. Nilifikiri ni adabu kukubali kwa mwenyeji. Bibi naye akaomba yake, ila akasema ipigwe kule bondeni tu, si penye nyumba ya barabarani. Nikamwomba aniwie radhi, kwamba imebaki moja nayo ni ya ndege. Akasema sawa, ndege na atangulie.

Bwawani, siku ya kwanza

Walikuwapo. Niliwaona toka mbali wakikanyaga majani kwa madaha, wakiinua mguu juu sana kila hatua, kwa sababu mwenye vidole vile asipouinua atajikwaa mwenyewe. Vitabuni wanaitwa sile-maua. Pale kijijini huitwa tu wale wanaotembea juu ya majani.

Mvuvi wa kambale alinipakia kwenye mtumbwi. Kiota kilikuwa rundo la majani mabichi yanayoelea, hovyo kabisa, nusu kimezama, na ndani mayai manne ya kahawia yanayong'aa, yamechorwachorwa mistari myeusi kama mtu aliyekuwa akijaribu kalamu. Baba alikuwa juu yake. Alishuka akajifanya amevunjika bawa ili tumfuate yeye. Yai moja lilikuwa na ufa, na ndani tulisikia sauti. Nilijawa na furaha nikataka kumkumbatia mvuvi. Siku moja, mbili, wataanguliwa, na picha yangu ninayo.

Nikazunguka bwawa zima, nikaandika kwenye daftari: kiota cha kwanza, mume mmoja, mayai manne. Cha pili, mume mmoja, mayai matatu. Mwenyekiti alikuwa ukingoni amesimama na rejesta, ananitazama nikihesabu. Jioni aliomba aone daftari, akalisoma kimya, akaninyooshea mikono miwili kunirudishia. Mtu aliyetoka mkoani, mwenye karatasi, anayehesabu walio bondeni: kwake jambo hilo lilikuwa na maana moja, maana kila mara waliohesabiwa wiki hii walihamishwa wiki ijayo.

Bwawani, siku ya pili

Nilipoamka, Mwenyekiti alikuwa mlangoni amelowa hadi kiunoni, uso unang'aa kwa uchovu na fahari. Alisema kazi imekamilika. Nikauliza kazi gani. Akasema nije nione.

Tangu kulipopambazuka alikuwa amewaingiza wanaume wanane majini. Walikata yungiyungi kuzunguka kile kiota cha kwanza, wakaukokota ule mkeka wote wa majani, kiota juu yake, kwa kamba na kwa subira, wakauvusha mfereji hadi kwenye dimbwi la kando ya barabara. Pembeni walikuwa wamechomeka kigingi chenye namba ya nyumba. Namba ilikuwa ikifuatana na ya Bibi.

"Wengine tutawamalizia kesho," aliniambia. "Usiandike kwamba tulichelewa."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilimweleza yote, gwaride, mkaguzi, kamera, kwamba sikutumwa na mtu kuhamisha ndege. Alisikiliza kwa heshima na hakuamini hata neno, kwa sababu ni nani hutoka Sumbawanga mpaka pale kwa ajili ya miguu ya ndege? Alidhani nampima.

Nilikata tamaa, nasema kweli. Lakini baba ndege alikuwa amewafuata. Alikuwa amewafuata tangu bwawani, wakasema wale wanaume, akipiga kelele juu ya majani nyuma yao kama mtu anayeibiwa godoro. Nilipoketi kimya alikaribia, akapanda kiota, akafungua mabawa kidogo, akaatamia. Kando ya barabara, penye namba.

Kijiji kizima kilikuja kumtazama mgeni. Mtu mmoja alileta pumba. Mwenyekiti aliandika kitu kwenye rejesta.

Bwawani, siku ya tatu

Mayai yote manne yalianguliwa kabla ya mchana. Makinda walitoka na vidole vyao virefu tayari, mwili kama kidole gumba, miguu ya mtu mzima. Nililala kifudifudi kwenye majani na kamera ya Ambakisye jichoni, picha moja imebaki, na nyuma yangu karibu watu arobaini wakijizuia kukohoa. Bibi alikuwa mbele yao, ameegemea fimbo.

Baba akatazama barabara, akatazama kigingi, akatutazama sisi. Kisha akapiga magoti, akaita kwa sauti ndogo, na makinda wakaingia chini ya mabawa mmoja mmoja, wawili huku na wawili huku. Aliposimama, kati ya mbavu zake na mabawa vilining'inia vijiguu vinane. Watu walihesabu kwa sauti, wote pamoja, kama darasa. Wakafika kumi. Akaanza kutembea, akashuka mfereji, akaelekea bwawani.

Niliweka kidole kwenye kitufe. Mkono wa Mwenyekiti ukashika bega langu.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake haikuwa ya kiongozi hata kidogo, "ukiipeleka hiyo picha wataona kaya imerudi mahame. Nimeshaiandika kwenye rejesta. Nilikuwa sina hata moja."

Nikamwambia ni ndege. Akasema anajua ni ndege. Macho yake yalikuwa na maji. Nikakumbuka ule mlango kichwani mwake, nikaelewa kwamba mtu aliyefanya vile kwa mama yake hana tena mahali pa kurudi nyuma, na hata ndege mmoja alikuwa mzito kwake. Nami nilikuwa na gwaride langu. Nililiona, watoto mistari minane, wananitazama. Ndege alikuwa katikati ya mfereji, miguu yote iko wazi, na jua lilikuwa zuri.

Nilishusha kamera. Niliumia, wala sijioni shujaa, nililaani kimoyomoyo kwa Kinyakyusa.

Bibi akasogea na fimbo yake. Hakumtazama mwanawe. "Mwalimu," alisema, "mwambie Mwenyekiti yule baba kawabeba watoto akawarudisha kwao. Hakubeba mlango."

Sikumwambia. Alikuwa amesikia. Aliondoka kwenda ofisini, akajifungia mpaka magharibi. Nami nikashuka na Bibi bondeni polepole, akasimama penye kaburi, bwawa nyuma yake, nikampiga ile picha ya nne.

Kurudi

Asubuhi Mwenyekiti alinipa bahasha iliyofungwa, akasema nimpe mkaguzi mkononi. Alionekana hakulala, lakini alitulia, na rejesta aliiacha mezani. Aliponisindikiza aliniambia, kama mtu anayesema habari za mvua, "Leo mama kaniita mwanangu." Nikamwambia nimefurahi. Tulipita nyumba ya Bibi. Haikuwa na mlango, tundu tupu. Nikadhani umepelekwa kwa fundi, nikaendelea kuwaza gwaride.

Njia ya kurudi ilikuwa kama ya kwenda, matope na migebuka, ila kitanda kilikuwa kimeshuka. Filamu ilikwenda Mbeya kusafishwa na bado haijarudi, kwa hiyo katekista awe na subira, na dereva pia.

Siku ya kufungua shule mkaguzi alikuwa ofisini tayari, watoto wanajipanga nje. Alinyoosha mkono. Nikampa bahasha kwa kuwa sikuwa na kingine. Akaichana, akasoma, akanipa nami nisome. Nainakili hapa yote:

"Kibali cha kuhama, namba 2. Mkuu wa kaya: ndege wa bwawani, dume. Mke: yupo, ila ana waume wengine. Watoto: wanne. Miguu, jumla: kumi, nimeihesabu mwenyewe mbele ya wanakijiji. Ameruhusiwa kurudi bondeni kwa sababu ya aina ya vidole vyake, ambavyo havifai barabarani."

Chini sahihi, na muhuri wa kijiji, wa zambarau, umekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Mkaguzi alipitisha kidole juu ya muhuri. Akageuza karatasi, akaunusa wino. Alisema kwamba kama nilikuwa na waraka wa namna hii ningeuleta mapema, tusingesumbuana, kisha akaitia kwenye jalada langu na kuniruhusu nikachore upya miguu minane. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Mwalimu, hiki ni namba mbili," alisema. "Namba moja alipewa nani?"

Nikaona lile tundu lisilo na mlango, nikamsikia Mwenyekiti akisema leo mama kaniita mwanangu. Nikamjibu kwamba sijui. Katika habari hii yote ndio uongo pekee niliomwambia mkaguzi yule, na kwa huo hakudai ushahidi.